Tupeane uzoefu: gari la zamani lililokukaa moyoni ni lipi?

Wakuu, habari za jioni. Naanza na langu ili wengine mpate pa kushika.

Mimi ni mtu wa Pijo 504, ile ya familia yenye safu 3 za viti. Mzee alikuwa nayo Iringa nikiwa shule ya msingi. Gia yake iko kwenye usukani, kiti cha mbele wanakaa watu watatu bila kusukumana. Tukifika chini ya mlima Kitonga mzee anazima redio. Hataki mtu aongee. Anaisikiliza injini, na kabla haijaanza kulemewa ameshateremsha gia. Mimi nakaa safu ya nyuma kabisa, kazi yangu kushika dumu la maji ya rejeta. Hadi leo nikipandisha Kitonga, hata kwa basi, naacha kuongea.

Watu hudhani tunaipenda kwa mazoea tu. Hapana. Gari hili lilitoka 1968, mwaka uliofuata likachukua tuzo ya Gari Bora la Mwaka Ulaya. Springi zake ndefu na laini. Ile ya familia ina springi 4 ekseli ya nyuma, mbili kila upande. Ukijaza mizigo na watu kwenye barabara ya makorongo linainuka na kutulia kama mtumbwi, na mgongo wako hausikii pigo.

Yangu nimeipata miaka michache iliyopita, imelala chini ya mwembe, kuku wanatagia ndani. Nimeanza na bodi. Tuendelee, wadau.

*Mdau wa Nakuru*

Ndugu, umenigusa. Ila kwetu nyumbani heshima ilikuwa ya 404, mama yake 504. Baba alikuwa akitupeleka kando ya barabara kutazama Safari Rally, tunarudi tumejaa vumbi hadi kwenye kope. Alitukaririsha jambo moja kama sala: 1963 na 1968 magari yaliyomaliza mashindano yalikuwa 7 tu, na mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki ndani ya 404. Ukikulia kwa mzee wa namna hiyo, hakuna gari jipya litakalokutoa macho. Yangu ni ya kijivu, ya petroli. Naiendesha Jumapili tu, kanisani na kurudi.

*Dada wa Songea*

Land Rover 109. Baba mdogo alinifundishia hiyo, na kabla ya kunigusisha usukani alinifundisha kuiwasha kwa hendeli, ile fimbo ya chuma ya kuzungusha injini kwa mkono: dole gumba likae upande mmoja na vidole vingine, lisizunguke upande wa pili. Injini ikirudisha teke, hendeli inavunja mkono. Nilikuwa na miaka 17 na nilijiona mkubwa kuliko kijiji kizima.

Kwa anayetaka kununua: msidanganywe na bodi. Bodi ni aluminiamu, haishiki kutu kama chuma, kwa hiyo gari linaweza kuonekana zima kabisa wakati chasisi, ile fremu ya chuma iliyobeba gari, imeoza. Lala chini, gonga chasisi kwa nyundo ndogo kuanzia nyuma. Ikilia wazi, endelea. Ikitoa sauti ya debe bovu, mshukuru muuzaji uondoke.

*Mdau wa Mwanza*

Dada yupo sahihi kabisa, na natamani ningeyasoma haya mapema. Nilinunua Benzi 240D, toleo la W123, kwa sababu ya rangi na ile sauti ya dizeli asubuhi. Sikuinua zulia. Fundi alipoliinua tuliiona ardhi, sakafu imeoza. Kisha kadi ya gari: ina jina la marehemu, na warithi hawajakubaliana mpaka leo. Gari lipo uani, injini nzima, siwezi kulitoa barabarani. Kila jioni naliwasha dakika chache. Silijutii gari, nalijutia haraka yangu. Kadi kwanza, rangi baadaye.

*Mdau wa Tanga*

Mimi sina bado. Nataka Land Cruiser 40, ya milango miwili, paa jeupe. Iliacha kutengenezwa 1984, mwaka niliozaliwa. Naweka akiba.

*Mwanzilishi*

Asanteni sana, nimesoma yote mara mbili. Mdau wa Mwanza, pole, kaa na wale warithi, hata kwa kahawa.

Yangu sasa imefika hapa: bodi imechomelewa, breki zimefunguliwa zote, injini inawaka ila inakohoa ikipata moto. Fundi anasema ni kabureta, mimi nahisi inavuta hewa kwenye gasketi ya manifoldi, pale bomba la kuingiza hewa na petroli linapoungana na injini, maana nikimwagia petroli kidogo pale pembeni inabadili mlio.

Ndugu wa Nakuru, ile 404 yako uliipatia wapi fito za gia za usukani? Zangu zimelika, gia ya pili naitafuta kama sindano.