Mjadala: Injini ikihamia mgongoni, ndege za kasi kuliko sauti ziruhusiwe kupita juu ya makazi?

Spana_17 (mwanzisha mada)
Wakuu, habari za jioni. Oktoba 28, 2025 ndege ya majaribio ya NASA, shirika la anga la Marekani, iitwayo X-59, iliruka kwa mara ya kwanza kutoka Palmdale, California. Lockheed Martin wameiunda ipite kasi ya sauti bila kile kishindo kilichofanya Marekani ipige marufuku safari hizo juu ya nchi kavu mwaka 1973. Kilichonikuna mimi ni injini: moja tu, imekaa mgongoni karibu na mkia. Tumbo limeachwa laini kama la samaki. Mawimbi ya mshtuko (hewa iliyobanwa ghafla) ya mdomo wa injini, pale inapovutia hewa, yanaelekea juu, bawa linakinga huku chini. Wamelenga desibeli 75 kwa msikilizaji aliye ardhini. Concorde, ile ndege ya abiria ya zamani iliyopita kasi ya sauti, ilikuwa kama 105. Swali: marufuku iondoke au ibaki? Mimi nasema iondoke.

Kibao Kata
Ilipaswa kuondoka zamani. Concorde ilikwenda London hadi New York kwa saa tatu na nusu enzi za wazee wetu, leo mtu anakaa saa nane kitini. Yote kwa sababu ya walalamishi wa kule Oklahoma, walisikia vishindo mia hivi wakakimbilia mahakamani. Kelele mtu anazoea. Wanaokaa karibu na viwanja vya ndege mbona wanalala vizuri tu?

MamaKiwalani
Kibao Kata, nani kakwambia tunalala? Ndege ikishuka juu ya bati langu, simu nainyamazia katikati ya sentensi. Mjukuu wangu ana miezi minne, kila ikipita mikono yake inaruka juu kama anadondoka. Usingizi tunaupata vipande vipande. Ukizoea wewe, usituzoeshee na sisi.

Kibao Kata
Pole, mama. Lakini tuseme ukweli, uwanja ulikuwepo kwanza au nyumba? Watu wananunua kiwanja rahisi chini ya njia ya ndege halafu wanataka ndege zihame.

MamaKiwalani
Kiwanja alinunua marehemu baba, mwanangu, na ndege zilikuwa chache, unazihesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Usinifundishe mtaa niliozaliwa.

Mswahili_Houston
Kibao, rekebisha hesabu. Oklahoma City mwaka 1964 hawakupigiwa vishindo mia. Vilikuwa 1,253 kwa miezi sita, mchana baada ya mchana, na ni serikali iliyofanya hivyo kwa makusudi ili ione watu watavumilia kiasi gani. Madirisha yalipasuka. Karibu robo ya waliohojiwa walisema hawawezi kuishi na kitu kile. Hao ndio unaowaita walalamishi?

Kibao Kata
Ina maana robo tatu waliweza. Umenisaidia hoja.

Mswahili_Houston
Sijakusaidia chochote. Robo ya mji mzima ni wagonjwa wangapi, watoto wangapi?

Mzee wa Nanyuki
Vijana, punguzeni moto. Spana, kwa heshima, umeanza vibaya. Kishindo hakizaliwi na injini. Hata injini ikizimika angani, maadamu ndege bado inaipita sauti, kishindo kipo, kwa sababu ni mwili wa ndege unaoisukuma hewa. Mwaka 2003 Wamarekani walichukua ndege ya kivita ya F-5, ndugu wa hizi zinazoruka kwetu Laikipia, wakaiongeza pua na tumbo tu. Injini zilibaki pale pale. Kishindo kikapungua.

Spana_17
Mzee shikamoo. Sikusema injini ndiyo mzazi wa kishindo, usiniwekee maneno mdomoni. Miaka kumi na moja nashika ndege kwa mikono hii. Ndege ikiwa na umbo zuri halafu ukaning'iniza injini chini ya bawa, ule mdomo unatoa wimbi lake, na wimbi hilo linakwenda kuungana na ya pua na ya mkia. Yakiungana ndiyo unasikia "bam-bam". X-59 ina urefu wa mita 30, theluthi moja ni pua tupu, ili mawimbi yafike chini yametengana. Ukiiweka injini mgongoni, hiyo kazi ya pua haiharibiki.

Nahodha Mstaafu
Spana na Mzee mnasema jambo moja. Simama ufukweni boti ya kasi ya Unguja ikipita. Boti imeshapotea, ndipo mitumbwi iliyofungwa inaanza kurukaruka. Unalipunguza wimbi kwa umbo la boti na kwa kuangalia kila kinachogusa maji. Ila huyo rubani wa X-59 haoni mbele, pua imeziba, anaangalia kamera na skrini. Mimi chombo kama hicho sipandi.

Kibao Kata
Nahodha, usiku ulikuwa unaona nini zaidi ya rada?

Nahodha Mstaafu
Nilikuwa naona taa za wavuvi, kijana. Rada haikuwa inaona mtumbwi wa mbao. Usiongee kuhusu kazi ya watu.

Mswahili_Houston
Jamani turudi. Mwaka 2018 NASA walirusha ndege za kivita za F-18 pwani ya Galveston, hapa jirani, wakizipigisha mbizi kwa namna inayopunguza kishindo, huku wakazi wakijaza fomu wamesikia nini. Nilikuwa huko kikazi. Kimoja nilikisikia kama jirani kafunga mlango wa gari, vingine vilinipita kabisa. Na X-59 imepangiwa hivyo hivyo: ipite juu ya miji, watu waulizwe. Lakini Juni 2025 Trump alishasaini amri ya kuagiza marufuku ifutwe. Ndege yenyewe ilikuwa haijaruka hata mara moja! Hapo ndipo nakataa. Waulizwe kwanza.

MamaKiwalani
Asante, dada wa Houston. Spana, nijibu bila hasira. Hizo desibeli 75 ni ikiwa juu kabisa. Ikiwa inapaa na kutua je?

Spana_17
Mama, hilo ni suala jingine na X-59 haikuundwa kulitatua. Concorde ilipaa kwa kumwagia mafuta ya ziada kwenye moto wa nyuma, majirani wa viwanja waliteseka sana. Injini ikiwa juu, bawa linakinga sehemu ya mvumo wa mbele. Mngurumo wa moto wa nyuma mtausikia.

MamaKiwalani
Basi fomu zao wazilete na kwa wa chini ya njia ya kutua. Na huyo anayezileta asije saa nne asubuhi. Aje saa kumi na moja alfajiri, nimpe kiti, asubiri na sisi ya kwanza ipite.