Viti maalum vinamwakilisha nani? Nimebebwa ngazini kama mzigo kwenda kuomba kura za "kundi letu"

Wakuu mniwie radhi, uzi mrefu kidogo. Nimelikalia hili jambo muda mrefu ila kila nikiwasha redio nasikia eti Bunge letu la Tanzania lina uwakilishi wa makundi yote, roho inachafuka.

Mimi ni mwanamke, fundi cherehani, natembelea kiti mwendo tangu niko darasa la tatu. Kwenye kura za maoni za chama changu (sikitaji, msinibane) za viti maalum, vile vya ubunge wa wanawake wasio na jimbo, nilichukua fomu kundi la wenye ulemavu, hela ya fomu nimeitoa kwenye sare za shule nilizoshona mwezi mzima. Siku ya mkutano nafika nakuta ukumbi uko ghorofa ya pili, lifti hakuna. Mkutano wa kumpata mwakilishi wa wenye ulemavu jamani! Na Sheria ya Watu wenye Ulemavu tunayo tangu 2010. Wakaitwa vijana wanne wakaninyanyua na kiti changu, kikawa kinagonga ukuta, gauni limepanda juu ya magoti, mkono mmoja nashusha gauni mwingine nimeng'ang'ania shingo ya mtu hata simjui, wajumbe wanatazama. Juu nikapewa dakika mbili.

Kabla sijaongea mama mmoja aliniinamia, tena kwa huruma kabisa, akaniuliza mwanangu, nauli ya wajumbe umekuja nayo? Nauli ndo jina la hongo siku hizi. Sikuwa nayo, na kura nilizopata vidole vya mkono mmoja vinatosha kuzihesabu. Wajumbe wenyewe ukumbi mzima wametembea kwa miguu yao kupanda zile ngazi, halafu ndo wanaamua nani atusemee sisi.

Sasa msije mkasema nalia kwa sababu nimeshindwa. Kinachoniuma ni utaratibu. Katiba ibara ya 66 inataka wanawake wa viti maalum wasipungue asilimia 30 ya wabunge wengine, sawa, nzuri sana. Ila ibara ya 78 inasema wanaopeleka majina Tume ya Uchaguzi ni vyama vilivyopata angalau asilimia 5 ya kura za ubunge, mwananchi haulizwi. 2020 viti vilikuwa 113, CCM 94 Chadema 19, watu 113 wanaitwa waheshimiwa na kituoni kwangu sikupewa karatasi ya kumchagua hata mmoja wao. Akishaapa atamwogopa nani, mimi au waliompanga kwenye orodha? Jimbo hana, mfuko wa jimbo hana, na kikatiba akivuliwa uanachama na ubunge umekwenda. Lazima agonge meza tu.

Kumbukeni sakata la kina Halima Mdee na wenzake 18. Wameapishwa Novemba 2020, siku chache baadaye chama chao Chadema kikawafukuza kikisema hakikupeleka majina yao, Mei 2022 Baraza Kuu la chama likakazia, wakakimbilia mahakamani na bungeni wakaendelea kukaa. Mimi sina upande pale. Ila miaka yote ile kelele zilikuwa nani alisaini orodha, nani alipeleka majina, Spika yuko sahihi au hayuko sahihi, sikusikia hata siku moja mtu akiuliza wanawake wanaosemwa wanawakilishwa wao wanasemaje.

Na yule wa "si ugombee jimbo", 2020 majimbo yalikuwa 264 na wanawake walioshinda hawakufika hata 30. Mgombea binafsi ndo usiseme, Mahakama ya Afrika pale Arusha ilishatoa hukumu 2013 kwenye kesi ya marehemu Mchungaji Mtikila kuwa kumzuia ni kuvunja haki, uchaguzi unapita na mwingine unapita, bado lazima upite mlango wa chama. Halafu viti maalum ni vya wanawake tu, kaka zetu wenye ulemavu hata hiyo foleni ya kudhalilishwa hawana.

Sisemi vifutwe, vikifutwa litabaki Bunge la suti tupu. Nataka vipigiwe kura. Kenya kila kaunti, zote 47, mwananchi anamchagua mwakilishi wa wanawake kwa mkono wake. Uganda wenye ulemavu wana viti 5 kwa jina lao na wanaowapigia kura ni wenye ulemavu wenzao. Sisi tuna SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vya wenye ulemavu, vyama vya wasioona, viziwi, albino vyote vimo mle, kwa nini kundi letu lisichaguliwe huko, tukabanana sisi kwa sisi mpaka apatikane mtu anayejua ngazi ni nini?

Kuna kitu sijakisema hapo juu. Matokeo yalipotangazwa wale vijana wanne wakaondoka na msafara wa mshindi, ukumbi ukafagiwa, viti vikapangwa, mimi bado niko ghorofa ya pili. Alinishusha mlinzi na bodaboda mmoja, saa mbili usiku.