Naomba ushauri: mtetemo wa shafti ya kati, meli ya mradi 302

Wakuu wa mitambo, mradi 302 ni muundo wa meli za abiria za mtoni, na yetu iliundwa Boizenburg, Ujerumani Mashariki: urefu mita 129, injini tatu za dizeli aina ya 6ChRN 36/45, kilowati 736 kila moja, rafadha tatu, kila moja na shafti yake. Kwenye kina kifupi cha mto Volga, Urusi, chini ya mji wa Gorodets, tezi (sehemu ya nyuma ya meli) hutetemeka. Hilo linaeleweka, maji yakibanwa chini ya meli tezi huzama na rafadha hukosa maji. Ukipunguza mwendo, inatulia. Ila hata kwenye kina kirefu cha bwawa la Rybinsk, vikombe vya vyumba vya nyuma bado vinagongana ikizunguka shafti ya kati. Za pembeni peke yake, kimya. Tuanze na mzamiaji akague ncha za mapanga ya rafadha, au tupime kwanza uwazi wa bushi zinazoshikilia shafti? Kupandisha meli chelezoni kwa matengenezo katikati ya msimu ni hasara tupu.