Mjadala: Picha iliyofichwa ifunikwe kabisa, au ukungu unatosha?

Mleta mada:
Wadau, naomba tulijadili hili. Juzi kwenye kundi la familia mtu alituma picha ya jeraha la ajali. Aliificha kiustaarabu, kama programu inavyoruhusu, ionekane tu ukiigusa. Nafungua kundi, nakutana na ukungu: wekundu umetapakaa katikati, umbo la mguu pembeni. Sikugusa kitu, na tayari nilikuwa nimeshaona. Sasa pale kilifichwa nini?

Telegram walipoleta kuficha picha mwishoni mwa 2022 waliweka ukungu wenye punje zinazometameta. Mastodon, ule mtandao wa kijamii, wao hutumia BlurHash, ambayo hubana rangi za picha kwenye herufi 20 hadi 30 hivi, na simu huzigeuza herufi hizo kuwa ukungu. Lakini BlurHash ilibuniwa ili mtu asitazame kisanduku cha kijivu wakati picha inapakuliwa. Kazi yake ni kupendezesha kusubiri, wala si kuficha, na rangi ndiyo inayofichua damu au mwili ulio uchi.

Nataka kisanduku cha rangi moja, chenye vipimo vya picha ili mazungumzo yasirukeruke ikifunguliwa, na juu yake maneno ya mtumaji: "jeraha, damu", au "mwisho wa filamu".

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, hapo sikuungi mkono. Watu hawaandiki maelezo, wewe mwenyewe unajua. Nikiletewa visanduku vitupu kumi nitavifungua vyote kwa udadisi, na hicho cha jeraha kitakuwemo. Ukungu walau unanidokeza nipite mbali.

Mchangiaji wa pili:
Mnabishania rangi ya pazia wakati mgeni kashaingia ndani. Swali langu ni moja: picha imeshapakuliwa kwenye simu yangu au bado? Mwaka 2021 lilifichuka shambulio la FORCEDENTRY. Faili lilitumwa kwa iMessage, huduma ya ujumbe ya iPhone, likijiita GIF, yaani picha inayocheza, kumbe ni PDF iliyotegwa. Simu ilidukuliwa bila mwenyewe kugusa chochote, kwa sababu programu ililifungua faili yenyewe ili kuandaa onyesho. Apple waliziba tundu hilo Septemba kwa toleo jipya la mfumo wa iPhone, iOS 14.8. Ukungu uliotengenezwa kwenye simu yangu kutokana na picha yenyewe maana yake picha imeshafunguliwa. Iliyofichwa isipakuliwe mpaka niiguse. Na bando langu lisiliwe na kitu nilichoambiwa nisikitazame.

Mleta mada:
La kupakua nakubali, tena sikuwa nimelifikiria. Ila tuwe wakweli, hapo BlurHash ina faida yake: mtumaji anaweza kutuma zile herufi peke yake na picha ikabaki kwenye seva. Pamoja na hayo, rangi bado zinasema.

Kuhusu maelezo, programu isimruhusu mtu kuficha kabla hajachagua walau neno moja kwenye orodha fupi: damu, uchi, mwangaza unaomweka, siri ya hadithi. Hilo la mwangaza msilipuuze, kuna watu wa kifafa ambao mmweko wa haraka huwaangusha. Tena kugusa kufungue picha moja tu, nikitoka ijifunike. Na jamani, mtu akijibu picha iliyofichwa, kile kijipicha kidogo juu ya jibu lake nacho kifunikwe! Nimeshakutana nacho kikiwa wazi kabisa, chini ya picha iliyofunikwa. Arifa nazo vivyo hivyo.

Mchangiaji wa kwanza:
Orodha ikiwa fupi hivyo, sawa. Lakini niachieni swichi ya ukungu kwenye mipangilio, anayeutaka aiwashe.

Mchangiaji wa tatu:
Mimi sioni, natumia programu ya kunisomea skrini kwa sauti. Picha yenye ukungu ikifika nasikia "picha", basi. Sijui imefichwa, sijui ina nini, na mara nyingi naisambaza kwa wengine nikidhani ni ya kawaida. Mnaposema "mwenye kutaka ukungu aiwashe", je, yale maneno yatabaki hata akiiwasha?