Mdaiwa wangu kanifanya bwege mbele ya duka langu mwenyewe!

Wakuu, nimefunga duka sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Yule jamaa. Wa Tandahimba wote mnamjua, hata kuku wanamjua.

Kaja na noti ya elfu kumi, mpya, inanukia benki. Ananiambia: "Dada, nichenjie hii, Mangi hana chenji."

Mangi, mwenye duka wa ng'ambo ya barabara! Na jamaa huyu kwangu ana deni tangu Juni: unga, sukari, mafuta ya kupima, na mchele wa shughuli ya kumtoa mwali. Mwali katoka, wageni wameshiba, mimi nimebaki na daftari zito kuliko gunia la korosho. Nikimkumbusha, "subiri mnada wa kwanza wa korosho". Mnada ukapita. "Karani wa AMCOS, chama chetu cha ushirika, kakosea namba ya akaunti." Imekosewa mara nne, nadhani pesa zinaingia Msumbiji.

Leo zimeingia. Nimejuaje? MANGI HANA CHENJI! Sukari imeniisha tangu juzi, mtaji wote uko tumboni mwa wageni wake, halafu mimi ndiye nimtafutie Mangi chenji?

Mvuvi wa Msimbati: Pole dada. Ulimchenjia?

Mleta uzi: Hiyo siyo hoja.

Mvuvi wa Msimbati: Kamchenjia huyu.

Mleta uzi: Alikuja na mama mkwe wake jamani!

Babu Newala: Na akahesabu mara mbili asimpunje 😂

Mtoto wa Masasi: Deni la Juni ndiyo unalilia? Mimi 2018, serikali ilipotangaza 3,300 kwa kilo na jeshi likaja kubeba korosho, nilikopesha kijiji kizima. Mpaka leo wengine wakiniona wanapitia porini.

Wakala Nanyamba: Bora nyie mna daftari. Huku kwenye pesa za simu, msimu huu kila mtu anatoa, hakuna anayeweka. Floti imejaa kwenye simu, droo ina mende tu. Mteja anatukana kama pesa nimekula mimi.

Soda Baridi Mikindani: Gesi inachimbwa hapo Mnazi Bay, umeme unakatika kila jioni. Soda zangu mtu anaweza kuloweka chai.

Mleta uzi: Lakini wakuu, MANGI HANA CHENJI...

Babu Newala: Soda Baridi, kreti bei gani? Nina shughuli Jumamosi.

Soda Baridi Mikindani: Unalipa keshi au mnada wa pili?

Babu Newala: We andaa kreti tano mjukuu wangu, tutaelewana.