Majibu ya kinyama cha Ami Salim

Fahad: Assalam aleikum jamaa. Majibu ya kile kinyama alichokatwa mzee kifuani kwenda kupimwa yametoka leo. Si TB. Daktari anasema ni mesotelioma. Nawaomba msimpigie mama simu usiku huu, amechoka.

Shangazi Bahati: Waaleikum salaam mwanangu. Ya Rabbi! Ndiyo kansa ya mapafu hiyo?

Hamisi: Mbona Ami hajavuta sigara maisha yake yote?

Rukia: Shikamoo Shangazi. Fahad, poleni sana. Ni kansa, lakini si ya mapafu yenyewe. Mapafu yamevikwa utando mwembamba, na hii imeanzia kwenye huo utando. Sigara haihusiki. Inayohusika ni asbestosi.

Hamisi: Ile ya kuezekea nyumba?

Rukia: Hiyo hiyo. Ami ujanani alikuwa akitengeneza mabomba ya mvuke kwenye vyumba vya injini za meli. Zamani mabomba na maboila yalivishwa asbestosi kuzuia joto. Ukiikata inatoa vumbi la nyuzi ndogo zisizoonekana, na ukizivuta hukwama ndani. Ugonjwa hujitokeza baada ya miaka 20 hadi 50.

Shangazi Bahati: Marahaba mwanangu. Na yale maji aliyokuwa akitolewa kifuani?

Rukia: Yalitoka huko kwenye utando. Huku kwetu mtu akijaa maji kifuani kinachofikiriwa kwanza ni TB. Na kupima maji peke yake mara nyingi hakutoshi, ndiyo maana nilishikilia atolewe kinyama.

Fahad: Dada, kwenye ripoti wameandika "pleura", halafu chini "epitelioidi". Hapo sikuelewa.

Hamisi: Mimi nimesoma mtandaoni ni miezi michache tu. Nawatumia hapa.

Rukia: Hamisi tafadhali usitume. Hujajua hayo uliyosoma ni ya aina gani.

Fahad, hayo ni maswali mawili tofauti. La kwanza, imeanzia wapi. Pleura ni utando wa mapafu, na karibu wagonjwa 8 kati ya 10 wa mesotelioma wanayo hapo. Inayofuata ni ya utando wa tumbo: tumbo hujaa maji, linauma, mtu anakonda. Hiyo ina matibabu yake, wako wanaofanyiwa upasuaji kisha tumbo linaoshwa kwa kemo, yaani dawa ya kuua seli za kansa, iliyopashwa moto. Ya utando wa moyo na ya korodani ni nadra sana.

La pili, seli zake zikoje chini ya darubini. Epitelioidi ndiyo inayoonekana zaidi, na kwa kawaida ndiyo inayokwenda polepole kuliko zenziwe. Sakomatoidi ina seli ndefu ndefu, ni kali na dawa za kemo haziiwezi sana. Ya tatu ni mchanganyiko wa hizo mbili, na hapo inategemea ipi imezidi.

Fahad: Kwa hiyo ya mzee ni afadhali?

Rukia: Kati ya hizo tatu, ndiyo. Sitakudanganya kwamba ni nyepesi, si nyepesi. Lakini aina ndiyo inayoongoza matibabu. Mwaka 2020 Marekani iliidhinisha dawa mbili za kuamsha kinga ya mwili, nivolumabu na ipilimumabu, kwa mesotelioma ya pleura isiyoweza kupasuliwa. Kwenye utafiti wake, wenye sakomatoidi na mchanganyiko ndio waliofaidika zaidi. Kwa epitelioidi, faida yake juu ya kemo ya kawaida ilikuwa ndogo. Mkiambiwa muuze shamba kwa ajili ya dawa hizo, ulizeni hilo kwanza.

Mama Mdogo Mwanaisha: Sijalala wanangu. Nimesoma yote. Rukia, mimi ndiye niliyekuwa nikifua ovaroli zake. Nikizikung'uta uani kwanza, vumbi jeupe likitoka, ndipo naziloweka. Fahad nikiwa nimembeba mgongoni.

Shangazi Bahati: Wifi yangu jamani.

Rukia: Mama, nashukuru umesema. Njia hiyo inajulikana. Tangu 1960 daktari Wagner na wenzake kule Afrika Kusini walieleza wagonjwa 33, na baadhi yao hawakuwahi kuchimba asbestosi, waliishi tu karibu na migodi. Lakini wengi waliovuta vumbi hilo hawaugui kamwe. Wewe na Fahad mwelezeni daktari habari ya zile nguo, iandikwe kwenye faili zenu. Ukianza kuhema au kifua kuuma upande mmoja, usingoje.

Hamisi: Na paa la jikoni kwa Nyanya? Nilipanga kulivunja mwezi ujao.

Rukia: Usiligonge wala kulitoboa! Likiwa zima halina hatari kubwa, vumbi ndilo baya. Kenya ilipiga marufuku asbestosi 2006 na kuiondoa kuna utaratibu wake. Nenda NEMA kwanza, wale wa mamlaka ya mazingira.

Fahad: Kesho tunaonana na daktari wa kansa saa nne. Dada, utakuja?

Rukia: Nitakuja. Beba ripoti yenyewe ya kinyama, si ile barua ya muhtasari, na picha zote za kifua.

Shangazi Bahati: Nami nitakuwa kwa Mwanaisha asubuhi na mapema. Wifi, usipike, naja na mahamri.

Mama Mdogo Mwanaisha: Ahsante wifi. Njoo na mbaazi pia, Salim ameziulizia.