Mafundi simu, kabla ya kung'oa kioo cha mama yangu mlishindwa nini kufungua Mipangilio?

Wakuu, salaam.

Ninaandika nikiwa na hasira, na ninaomba radhi mapema kwa urefu wa uzi huu. Jambo lenyewe likisimuliwa kwa ufupi linaonekana dogo, ilhali limemgharimu mama yangu shilingi 130,000, safari mbili za kliniki ya macho, na kioo halisi cha simu yake.

Mama anaishi Korogwe. Usiku mmoja mwezi uliopita umeme ulikatika akiwa jikoni, akaishika simu gizani, akateremsha ile sehemu ya juu ya skrini ili awashe tochi, na kidole kikagusa kitufe cha jirani kabla ya kuifikia tochi yenyewe. Hilo tulikuja kulijua baadaye sana. Alichokiona yeye ni kioo kizima kugeuka: palipokuwa peupe pakawa peusi, maandishi meusi yakawa meupe, kijani cha WhatsApp kikawa waridi iliyokolea, na picha ya wajukuu wake iliyo mbele ya simu ikawa ya watoto wenye nyuso za samawati, nywele nyeupe na meno meusi. Aliizima, akaiwasha, ikarudi vilevile. Kwa maneno yake mwenyewe, "ikiwaka inaanza vizuri, yale maandishi ya kampuni yanakuja na rangi yake, halafu ikishaamka ndiyo inabadilika." Naomba mlishike neno hilo, kwa sababu jibu lote lilikuwa ndani yake, na tulioambiwa hatukulisikia.

Wa kwanza kutolisikia ni mimi, na ninalikiri kwa aibu. Mama alimwomba mtoto wa jirani apige picha ya skrini anitumie. Nikaifungua hapa Dar es Salaam nikaona rangi zote ziko sawasawa, wajukuu wako vilevile na WhatsApp ni ya kijani. Nikampigia: "Mama, simu haina tatizo lolote, nenda kapime macho." Akaniuliza, "Mbona televisheni naiona sawasawa, mwanangu?" Sikuwa na jibu, lakini kwa kiburi cha mtu anayeshinda mbele ya kompyuta nikamwambia huenda ni mwanzo wa mtoto wa jicho.

Sasa nimeelewa kilichonidanganya. Kitufe alichokigusa mama ni cha ugeuzaji wa rangi, kipengele cha simu kinachopindua rangi zote za skrini. Katika simu nyingi, ugeuzaji huo hufanyika mwishoni kabisa, picha ikiwa njiani kuelekea kwenye kioo, kwa hiyo picha ya skrini inakuwa imeshachukuliwa kabla ya rangi kupinduliwa. Mwenye simu anaona mambo kichwa chini, na wewe unayetumiwa picha unaona kila kitu shwari, kisha unamfanya mzazi wako aonekane kama mtu anayeota. Mtu akikulalamikia rangi za simu yake, mwambie aipige picha kwa simu nyingine. Hapo ndipo utaona anachokiona yeye.

Mama alikwenda kliniki, akapanga foleni, akaambiwa arudi kesho yake kutiwa dawa ya kutanua mboni, akarudi, akakaa nusu siku akiona ukungu, na mwisho akaambiwa macho yake hayana shida zaidi ya ile miwani ya kusomea aliyokuwa nayo tangu zamani. Hapo ndipo alipoipeleka simu kwa fundi.

Fundi aliiangalia simu, nadhani, kwa muda usiotosha kumaliza salamu. Hakuuliza tatizo lilianza lini. Mama alimweleza lile la rangi kuwa sawa simu inapowaka na kupinduka baadaye, kijana akacheka, akasema, "Mama, hiki kioo kimeungua kwa ndani, ukichelewa kitazima kabisa." Bei ikatajwa, 130,000, bila risiti, na mama akatoa fedha alizokuwa ameziweka kwa ajili ya mbegu. Baada ya saa moja simu ikawashwa ikiwa na kioo kipya, na rangi zilikuwa zimepinduka vilevile.

Hapo ndipo ninapokosa subira. Mtu wa kawaida anaweza kukosea kudhani kwamba kioo ni kibovu, lakini fundi aliyebadilisha kioo akaona kioo kipya nacho kinaonyesha watoto wenye meno meusi, amepata ushahidi mbele ya macho yake kwamba kile cha kwanza hakikuwa na kosa. Fundi mwadilifu angekirudisha pale pale na kuomba radhi. Huyu akasema, "Basi tatizo limeshuka kwenye bodi, itabidi tuiflash, yaani tuiwekee mfumo upya, elfu ishirini." Mama akauliza kama picha zitapotea. "Zitapotea, mama, lakini simu itapona." Mama akakataa, kwa sababu humo ndimo zilimo picha za marehemu baba, na nyingine hazipo mahali popote pengine. Cha kukera ni kwamba simu ingepona kweli: kuiflash kungeirudisha mipangilio yote kama ilivyotoka kiwandani, ugeuzaji rangi ungezimika pamoja na mengine, na fundi angesifiwa mtaani kwa kutibu ugonjwa ambao haukuwepo.

Nilifika Korogwe wiki mbili baadaye. Nikaishika simu, nikateremsha ile sehemu ya juu, nikaona kitufe kimewaka karibu na tochi, nikakigusa mara moja. Wajukuu wakarudi. Mama hakusema kitu kwa muda, kisha akasema, "Basi hivyo tu?"

Hivyo tu, wakuu. Na kumbe kulikuwa na hasara nyingine. Kioo chake cha awali kilikuwa cha AMOLED, aina ambayo kila nukta hutoa mwanga wake yenyewe, na kihisi cha alama ya kidole kilikaa chini yake kikisoma kidole kwa mwanga unaopita katika kioo chenyewe. Alichobandikiwa ni cha LCD cha bei nafuu, ambacho kina taa yake kwa nyuma inayokiziba kihisi hicho, kwa hiyo tangu siku ile simu haiutambui tena kidole chake. Weusi wa skrini umekuwa wa kijivujivu, na ukiitazama kwa pembeni rangi zinapauka.

Kwa faida ya wasomaji, na kwa aibu ya mafundi, kipimo kisichogharimu hata senti ni kile kile alichokieleza mama: zima simu, iwashe, tazama nembo ya kampuni. Nembo hiyo huja kabla mfumo wa simu haujaamka na kuisoma mipangilio yako. Ikija na rangi zake halisi, kisha rangi zikapinduka au zikafifia mfumo unapoamka, kioo ni kizima na kosa liko kwenye mipangilio. Baada ya hapo fungua Mipangilio, tafuta Ufikivu (kwa Kiingereza Accessibility, yaani misaada kwa wenye shida ya kuona, kusikia au kushika), ambao katika simu za baadhi ya kampuni umefichwa ndani ya mipangilio ya ziada, na uangalie palipoandikwa ugeuzaji rangi na usahihishaji wa rangi. Vyote viwili vimekuwamo katika Android tangu toleo la 5 la mwaka 2014, kwa hiyo fundi wa leo hawezi kudai kwamba ni mambo mapya. Katika iPhone, mambo hayo yako chini ya Ufikivu katika sehemu ya skrini na ukubwa wa maandishi, na huko ugeuzaji ni wa aina mbili: mmoja hupindua kila kitu, na mwingine, ulioingia na iOS 11 mwaka 2017, huziacha picha na video na rangi zake.

Simu ikigeuka kijivu mambo huwa magumu kidogo, kwa sababu kijivu kina milango mingi. Kinaweza kutoka kwenye usahihishaji wa rangi, kwenye mipangilio ya wasanidi programu ambayo mtu aliichezea akasahau, au kwenye ile hali ya wakati wa kulala inayokusudiwa kumfanya mtu aichoke simu usiku. Angalia saa. Kama rangi hupotea kila siku saa ile ile ya usiku na kurejea asubuhi, usimlaumu fundi wala kioo, ni ratiba ya kulala iliyowashwa na mtu. Skrini ikiwa giza wakati mwangaza umepandishwa hadi mwisho, angalia kile kipengele cha kupunguza mwangaza zaidi kilichokuja na Android 12 mwaka 2021. Ikikuzwa mpaka unaona herufi mbili tu za neno, gonga kioo mara tatu harakaharaka kwa kidole kimoja. Kwa iPhone gonga mara mbili kwa vidole vitatu kwa pamoja.

TalkBack, kipengele cha Android kinachowasomea wasioona kilichoko kwenye skrini, ninaitaja peke yake kwa sababu ndiyo inayowatoa watu machozi. Simu inaanza kusema, mstari wa rangi unazunguka kila unachokigusa, na kugusa mara moja hakufungui kitu tena. Huwashwa kwa kubana vitufe vyote viwili vya sauti kwa sekunde kama tatu, jambo ambalo hutokea lenyewe simu inapobanwa kwenye fundo la kanga au mkobani. Mara ya kwanza simu huuliza kama unataka njia hiyo ya mkato, lakini huuliza kwa Kiingereza katika simu ya mtu asiyesoma Kiingereza, naye hubonyeza sawa ili kisanduku kiondoke, na kuanzia hapo haiulizi tena. Ili kuizima bana vitufe vile vile tena, na kama havikubali, gusa mara moja ili uchague, kisha gonga mara mbili ili ufungue, na uteremshe orodha kwa vidole viwili.

Asije mtu hapa kusema kwamba ninataka vitu hivi viondolewe. Nina rafiki asiyeona ambaye anaendesha biashara yake nzima kwa TalkBack, na anajibu ujumbe haraka kuliko mimi. Wapo wasiovumilia mwanga mweupe ambao bila ugeuzaji rangi wasingeweza kusoma ukurasa mmoja. Ninacholalamikia ni kwamba simu ya mama ilikuwa na alama ndogo juu ya skrini ya kumwambia kwamba kengele imewekwa na kwamba bluetooth imewashwa, lakini ilipozipindua rangi zote za dunia haikumwekea alama yoyote, wala sentensi moja ya kumweleza kilichotokea na namna ya kurudi alikotoka. Kisha watengenezaji wa simu wakaweka kitufe hicho karibu na tochi, kitu kinachotafutwa gizani na mtu mwenye haraka!

Na hilo neno lenyewe, Ufikivu. Niliibadilisha simu ya mama iwe ya Kiswahili ili siku nyingine asaidike mwenyewe, nikamwonyesha palipoandikwa Ufikivu. Akanitazama: "Ufikivu wa kufika wapi?" Nikajaribu kumweleza, nikaishia kumwambia akumbuke kile kialama cha mtu aliyenyoosha mikono.

Nyongeza: kuna mchangiaji ameniandikia pembeni kwamba wazee wapewe simu za vitufe, yaishe. Ndugu yangu, mama hupokea fedha za wanawe kwa simu hiyo, huwaona wajukuu wake wa Muscat kwa video kila Ijumaa, na aliitumia kwa miaka mitatu bila kosa. Aliyeshindwa kuielewa simu ni mtu anayelipwa kuielewa.

Juzi nilimpelekea fundi huyo simu. Mbele yake nikaigeuza rangi, nikairudisha, nikaigeuza tena, nikairudisha. Akanyamaza, kisha akasema hata yeye hakujua kama kitu hicho kipo. Nikamwambia sawa, nipe kioo chetu cha zamani, hicho ulichosema kimeungua kwa ndani. Akasema hakipo, alishakifunga kwenye simu ya mteja mwingine. Nikamuuliza kama mteja huyo amerudi kulalamika. Akasema hapana, kinafanya kazi vizuri.

Ameahidi kurudisha shilingi 60,000 mwisho wa mwezi. Mafundi mliomo humu, nielezeni, kwa utaratibu wenu wa kazi, kioo kilichoungua kwa mama yangu kilipona vipi kilipofika kwa mteja wa pili, na huyo wa pili alitozwa kiasi gani.